Alama za Vema Kwenye Kadi ya Kidoti

Jumamosi, 14 Juni. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu mepesi.

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi kimeshakuacha. Huku tu wazima wa mwili. Binti yako anakula, anakimbia, na maneno yake yamemzidi umri: juzi alimwuliza fundi wa paa kama mbingu nayo inavuja.

Nianze na jema. Jana nilimpeleka kliniki ya macho. Daktari alilipapasa kope la kushoto akasema ule uvimbe wa mishipa ya damu umekwisha kabisa. Unakumbuka ulivyokuwa, mwekundu kama nyanya, kope limelilalia jicho, nawe ukilia ukidhani ni saratani? Haikuwa saratani, na ile dawa ya maji wanayopewa wagonjwa wa moyo imefanya kazi yake. Majirani bado wanamwita Kidoti, ingawa kidoti chenyewe hakipo tena.

La pili si jema. Jicho lile halioni vizuri. Alipozibwa la kulia na kuonyeshwa picha za ukutani, aliitambua nyumba kubwa ya juu tu. Zilizobaki alisema zote ni kuku.

Daktari alitueleza zamani, nawe nilikuandikia: jicho lilifunikwa na uvimbe akiwa mchanga, likazoea uvivu. Ndiyo maana tukapewa vibandiko, tuzibe jicho lililo zima kwa saa mbili kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Kabla ya miaka saba, alisema, bado linafundishika.

Jana aliichukua kadi yetu ya kuwekea alama kila siku tunapoziba, akaigeuza mbele na nyuma. Miezi sita, kila kisanduku kina alama ya vema. Akasema hajaona mlezi mwenye nidhamu kama mimi. Akasema pia kwamba ikiwa kazi yote hii haikulisogeza jicho, basi kuziba hakumfai huyu, tusimtese, tuache. Akaomba abaki na kadi awaonyeshe wazazi wazembe. Nikamwachia. Nikasema asante.

Dada, kadi ile ni ya uongo.

Siku ya kwanza nilipombandika, alijikunyata chini ya meza ya cherehani akasema, Mama Mdogo, washa taa. Ilikuwa saa sita mchana. Nikabandua. Laiti ingekuwa huruma peke yake iliyoniponza. Wiki ya pili, mteja aliyekuja kupimwa gauni aliuliza mbele ya wenzake nani kamtoboa mtoto jicho, na kama hapa tunashona nguo au tunashona watu. Wakacheka. Nami nikacheka nao. Tangu hapo, mteja akibisha hodi, kibandiko kilirudi kwenye droo ya vifungo, na wateja wangu unawajua, hawakatiki. Jioni nilitia vema, nikijiambia kesho nitafidia.

Lakini daftari langu la kila siku sijawahi kulidanganya. Jana nililihesabu. Kati ya siku mia moja themanini na mbili, alizozibwa kwa saa mbili kamili ni kumi na tisa. Daktari anadhani matibabu yameshindwa, kumbe hayajafanyika. Nikinyamaza, mwanao atakua akiamini jicho lake ndilo bovu.

Jumatatu kliniki ikifunguliwa nitakuwa mlangoni na daftari, niombe kadi irudi na vibandiko vipya. Ana miaka minne, muda upo. Leo nimemziba tangu saa tatu hadi saa tano, wateja wakiwa wamejaa benchi. Aliomba taa mara mbili. Nilimpa vifungo vyekundu avichambue kutoka kwenye vyeusi, akapata saba.

Ukiamua kuja kumchukua, sitabisha. Nguo zake nimezifua na kuzikunja.

Msalimie shemeji. Habari ya kadi mwambie wewe mwenyewe, au nitamwandikia.

Mimi mdogo wako,
Fundi

Jumapili asubuhi. Sikuwa nimeifunga bahasha. Jana nilipanda kitandani saa nne usiku. Usingizi ulinijia ilipofika saa tisa na dakika kumi usiku.