Mbegu za Makaburini

Jumatano, 5 Juni 1957

Kesho nawatoa watoto nje. Potelea mbali! Ernesti mnyapara anasema wazazi wanakata mkonge, hawakuniachia watoto niwatembeze. Si masomo hayo? Kanicheka. Bi Harusi, jirani yetu mwenye shamba la minazi, kakubali tupite kwake. Tena mjukuu wake Badr atatuongoza. Miaka sita, na maringo hayo!

Alhamisi, 6 Juni

Nakaa, nasimama, nakaa.

Asubuhi ilikuwa raha tupu. Kaa, vinyonga — Timotheo kutambaa nyuma ya jongoo mpaka kaptula ikachanika. Halafu kwenye ua wa makaburi ya kina Badr, Anjela akaokota mbegu nyeusi. Kaibandua, ndani nyeupe. Badr akapiga kelele: za makaburini hizo, bibi kasema haziliwi! Nami, mjuaji wa misheni, nikaona ushirikina. Nikamwambia wafu hawana neno na mbegu. Nikala moja mbele yao. Tamu kama karanga. Mti wenyewe kwetu Lushoto sijapata kuuona, na hilo halikunishtua! Wakala wote. Badr tu hakula. Alilia.

Mchana tukatapika wote, na mimi. Watoto wengine wametulia. Anjela bado, hata maji hayakai tumboni. Dresa, mtoa dawa wa kambi ya mkonge, nilimwambia kila kitu. Akasema, mwalimu mzima hujui mbono, mbegu ya sumu?

Ijumaa, 7 Juni

Macho ya Anjela yameingia ndani. Dresa kasema lazima anywe, asipokunywa leo... hakumalizia. Kaenda kambi ya pili. Praxeda, mama yake Anjela, hajanigombeza. Afadhali angenizaba kofi! Nilimwambia mimi ndiye niliyeanza kula. Kajibu ndiyo, ameshaambiwa. Basi.

Bi Harusi kaingia na dafu. Shikamoo yangu kaiitikia bila kunitazama. Kamimina kikombeni, kamwambia Praxeda ampe mtoto kidogo kidogo. Praxeda ndio kwanza afike kutoka Songea, dafu halijui. Kalinusa. Anjela kafumbua macho, kanyoosha mkono. Mama yake hakumpa. Kanigeukia mimi — mimi! — kaniuliza kama linanyweka.

Jana neno langu ndilo lililowalisha mbono. Nimetoka nje, naandika nimeegemea ukuta. Bi Harusi anamhimiza, hamsikii. Namwona Praxeda dirishani, kikombe kimo mkononi, ananingoja mwalimu niseme.