Gramu Mia Nane Mlimani

Boaz, usipige simu, nimezungukwa na watu. Soma tu.

Leo kikundi chetu kilipanda mlima nyuma ya Kharumwa, kujizoeza kutembea na begi jepesi kabla ya safari ya Kilimanjaro. Asubuhi niliwahutubia vijana kuhusu wepesi. Niliwahutubia vizuri.

Kufika juu, Rohit, kiongozi wetu, akapima mabegi. Langu akalipigia kelele: "Samahani Baba Mbuke, umezidisha gramu mia nane!"

Gramu mia nane! Na chini yetu wapo wachimbaji, ambao gramu kwao ni dhahabu tu!

Wakapanda mbio na sururu. "Mzee, mmezipata wapi?"

Nikawajibu kwa Kiswahili fasaha: "Ndugu zangu, hizo ni gramu za begi."

"Ehee! Kumbe ziko kwenye begi!"

Fasaha kabisa, Boaz.

Wakaning'ang'ania nifungue. Vikatoka mbele ya wote: tai, kiwi, brashi ya viatu na kioo. Nilitaka picha ya kileleni iwe ya heshima. Rohit akasema nafasi yangu ya Kilimanjaro itabidi ifikiriwe upya.

Wachimbaji wala hawakucheka. Mmoja akawaambia wenzake, "Mtu mzima hapandi mlima na kiwi bure. Huyu anatuzuga."

Sasa wanachimba pale nilipokuwa nimekaa, na pikipiki zinazidi kuja.

Mke wangu naye amepiga, habari imeshafika nyumbani. Nimemwapia kwamba hakuna dhahabu, hakuna kabisa.

Akanong'ona: "Sawa, Baba Mbuke. Na wengine waambie hivyo hivyo."