Nani Akae Mbele

Jumapili, 8 Julai 1984

Makoko. Baiskeli imefika. Kaka Boniphace ameileta mwenyewe kutoka Nyegina, na njia nusu kaisukuma kwa sababu tairi la nyuma limechoka kuliko sisi. Jirani yetu Hamduni, ambaye ni fundi, amelitia kipande cha tairi la gari kwa ndani na kulishona kwa waya. Amesema litafika. Juu ya kurudi hakusema kitu.

Safari yenyewe: Musoma hadi Bunda, Bunda hadi Butiama. Baba mkwe anagawa mashamba Jumamosi. Ameagiza kila mtoto wa kiume awepo mwenyewe, na kabla ya hapo apite Bunda kwa shangazi Nyamburi kuchukua baraka, maana shangazi hasafiri tena. Basi halina dizeli. Kwa hiyo baiskeli.

Tunachotaka ni bonde. Kile kipande cha chini chenye maji hata mwezi wa nane. Kiwanda alikofanya kazi mume wangu Burito kimesimama kwa kukosa spea, sasa anabeba magunia ya dagaa bandarini Mwigobero, na mjini tumebaki kwa ubishi tu. Tukipata bonde tunahama. Tusipopata, sijui. Mzee ameshasema bonde atampa mwenye nguvu ya kulilima, na Nyamhanga, mdogo wake Burito, yuko pale pale nyumbani, kila asubuhi anapita mbele ya mzee na jembe begani.

Na Burito ana goti. Aliteleza kwenye ubao wa mtumbwi wiki ya Idd, goti likavimba kama kiazi na mpaka leo halijakubali kukunjika vizuri. Kwao hawajui. Wasijue – hiyo ndiyo amri yake.

Masatu tumemwacha kwa Mwanaupe, mke wa Hamduni. Mtoto hakulia. Nililia mimi, uani.

Jumatatu, 9 Julai

Nyegina, kwa kaka. Ni karibu, na bado tumefika jua likiwa kali.

Burito aliendesha mpaka tulipotoka mjini. Mimi nyuma, naona jasho linavyoshuka shingoni mwake. Halafu akasimama akajifanya anaangalia cheni. Cheni haikuwa na tatizo. Akainama pale muda mrefu mno.

Nikamwambia, Baba Masatu, nipe mimi.

Anajua najua kuendesha. Nilijifunza hapa hapa misheni wakati wa darasa la upishi na ushonaji, kwa baiskeli ya masista. Miaka yote amekuwa akisimulia kama kichekesho. Leo hakucheka. Akatazama njia mbele, akatazama nyuma, akakaa kwenye keria. “Ukiona mtu, shuka.”

Mwanaume mzito! Na hajui kubebwa. Anajikaza, anainamia kushoto, mimi napigana na hendeli. Lakini tulienda. Kabla ya kanisa tukabadilishana, akaingia kwa kaka akiwa mbele na mimi nyuma nimekaa upande kama bibi harusi. Kaka akamsifu, shemeji una pumzi wewe. Akapokea sifa. Mimi nilikunywa maji kata nzima.

Jumanne, 10 Julai

Barabara ya Bunda. Vumbi, upepo wa usoni. Kanuni yetu sasa ni hii: penye pori naendesha mimi. Ukionekana mti wa kijiji, mkahawa, mtu na ng'ombe wake – tunashuka, tunabadilishana, yeye anakanyaga kwa mguu mmoja huku ameuma meno, tunapita, tunaamkia watu, tunabadilishana tena. Leo tumebadilishana mpaka nimesahau hesabu. Kupanda na kushuka kunachosha kuliko kuendesha.

Kiabakari palikuwa na watu wengi, akalazimika kuendesha mpaka mwisho wa maduka. Alipomaliza alikaa chini. Machozi yalikuwa yanamtoka, akasema ni vumbi.

Tumelala kwa Euphrasia, binti wa baba yake mkubwa. Hana sukari, hana chumvi ya kutosha, lakini kachinja. Ndugu wa Burito ni wema, siwezi kusema vingine. Mgeni aliyeendesha kutoka Musoma akapewa kiti cha mgongo na firigisi. Mke wa mgeni akapewa kinu. Nimetwanga mihogo huku mapaja yanatetemeka. Nilikuwa na hasira nikakosa wa kumpelekea, nikaipelekea mihogo.

Jumatano, 11 Julai

Bunda. Pancha mara mbili. Tumefika. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 12 Julai

Tumepumzika kwa shangazi Nyamburi. Nataka niandike ya leo vizuri.

Shangazi ni mzee sana sasa, lakini macho yake ni mazima. Jana jioni alitupokea, akatutazama wote wawili toka juu mpaka chini, hasa chini. Sikujua anatazama nini. Asubuhi akaniambia, leta hiyo khanga nifue. Nikasema hapana shangazi, nitafua mwenyewe, ni aibu. Akaivuta.

Ndipo nikaona. Pindo lote upande wa kulia ni jeusi kwa grisi ya cheni. Na suruali ya Burito, iliyoanikwa pale kwenye kamba, haina hata doa.

Siku tatu tumekuwa tukitazama njia kama wezi, tukishuka kwa kila mbuzi, na hakuna kati yetu aliyetazama nguo!

Shangazi akaigeuza khanga, akalitazama lile pindo. Aliingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni kimefungwa kwenye kitambaa. Sabuni! Mimi mwenyewe tangu mwaka jana nafulia majani ya mpapai. Akakaa kwenye kigoda akafua khanga yangu, mkamwana wake, kwa sabuni aliyokuwa ameificha sijui kwa shughuli gani.

“Grisi haitokagi kwa mpapai,” akasema. Basi.

Nilikaa karibu naye nikalia kidogo. Akaniacha nilie. Baadaye akauliza goti ni la lini. Nikamwambia. Akauliza mumeo anajua kama mimi nimejua? Nikasema hajui. Akasema basi mwache, atajua akitaka.

Jioni akatoa baraka. Alichukua maji kinywani akampulizia Burito kifuani, wanavyofanyiwa wanaume wa kwao. Burito akashukuru akataka kuinuka. Shangazi akamwambia ngoja. Akaniita mimi. Akachukua maji mengine akanipulizia miguuni, wa kulia na wa kushoto. Sijawahi kuona mke wa mtu anafanyiwa hivyo. Burito alikuwa anaangalia ukuta.

Halafu akatupa kuku wa kumpelekea mzee. Mtetea mwekundu, mkali, anadonoa. Sasa tuna kuku.

Ijumaa, 13 Julai

Nyamuswa, kwa Skolastika, dada yake Burito. Siku mbaya.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Njia ya huku ina vilima lakini watu wachache, nikaendesha muda mrefu bila kushuka. Burito nyuma na kuku mapajani. Kwa mara ya kwanza alikuwa amelegea, hajikazi, akaanza hata kusimulia mambo ya bonde: kabichi, nyanya, vitunguu vya kupeleka Musoma. Nikawa nacheka. Nikasahau kutazama mbele.

Kwenye kona, huyo! Wegesa. Anauza samaki wakavu, anawachukua Bunda na kuwauza mpaka Butiama, na nyumbani kwao ni jirani kabisa na mzee. Alikuwa amekaa kivulini kando ya baiskeli yake, anapumzisha mzigo. Hapakuwa na pa kushukia. Nilipita mbele yake nakanyaga, khanga nimeifunga juu ya magoti, mume wangu nyuma kakumbatia kuku.

“Heee, Burito! Kumbe siku hizi unabebwaga?”

Burito akamwinamia kuku. Mimi ndiye niliyesema habari za safari, kama mjinga.

Baadaye kidogo Wegesa akatupita, anapiga kengele, anacheka mpaka mgongo wake unacheka. Leo jioni atakuwa nyumbani. Usiku huu mzee anajua. Nyamhanga anajua.

Burito akasema simama. Akashuka, akaenda akakaa pembeni ya njia. Akasema turudi Musoma. Nikasema hatuwezi kurudi, mzee ataona umedharau. Akasema basi kesho anaendesha mwenyewe mpaka uani, goti likatike likitaka, watu waone Wegesa ni mwongo. Nikamuuliza, na Jumatatu? Mwezi ujao? Hilo bonde utalilima kwa goti lipi? Akasema nisimpigie kelele. Sikuwa nimepiga kelele.

Ukweli nilikuwa sijaufikiria mpaka nilipousema. Siku zote hizi nimefikiri ni kufika tu. Kumbe tukilipata kwa kujificha, itabidi tulilime kwa kujificha. Nitaamka gizani nilime, halafu yeye asimame na jembe watu wakipita. Mwaka mzima, kubadilishana kwa kila mtu na mbuzi. Nimechoka kabla hatujaanza.

Nilitaka kumwambia shangazi anajua. Nikaogopa. Nampenda mtu huyu na namwogopa akiwa kimya.

Skolastika kaleta maji ya moto na chumvi, kasema kaka mbona unachechemea. Burito kasema ni kiatu.

Jumamosi, 14 Julai

Tuko chini ya mlima. Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe karibu na kijito. Burito ananawa uso. Ananawa muda mrefu.

Tulitoka Nyamuswa mapema na hatujasemeshana. Yeye alianza mbele. Kamba ya kiburi ilimvuta mpaka kilima cha kwanza, hapo tukashuka tukasukuma. Kilima cha pili, hivyo hivyo. Kisha mimi nikaendesha, bila kuulizana. Tukafika nyumba za kwanza, nikapunguza mwendo nishuke kama kawaida. Akasema, “Endelea tu.” Mama mmoja aliyekuwa anachota maji akatutazama mpaka ndoo ikafurika. Nikaendelea. Nyumba za pili akasema shuka. Sijui anataka nini. Nadhani naye hajui.

Hapa tumesimama kwa sababu hapa ndipo pa mwisho pa kubadilishana. Bonde liko kushoto kwangu. Nilikuwa nimelisahau lilivyo. Majani ni mabichi kabisa, na juu yake kila kitu ni kikavu. Maji yanasikika. Mtu anaweza kuishi hapa na watoto wake, na Masatu akakua akila kitu kingine zaidi ya dagaa. Nalitaka mpaka naona haya.

Kutoka hapa njia inapanda moja kwa moja hadi uani kwa mzee. Anayekaa juu kule anaona kila anayepanda. Viti vimeshawekwa nje. Watu wamesimama. Nyamhanga namtambua kwa lile shati jekundu la mitumba. Mzee ni yule aliyekaa. Wanatazama huku.

Nimemwambia. Nimeona bora sasa kuliko nisiseme kabisa. Nimesema shangazi aliona grisi kwenye khanga yangu tangu jioni ya kwanza, ndiyo maana akanipulizia maji miguuni. Burito akaacha kunawa. Akauliza alisema nini? Nikasema hakusema kitu, alifua tu. Kwa sabuni? Nikasema kwa sabuni. Halafu akarudi kunawa.

Nimemuuliza nani akae mbele. Hajajibu. Akikaa mbele yeye, mlima huu utamwangusha katikati, mbele ya baba yake, na kuku atakimbia na bonde litakuwa la Nyamhanga. Nikikaa mimi, sijui mzee atasema nini, na sijui Burito ataishije na atakalolisema. Tukisukuma, watajua vile vile.

Tairi la nyuma linapumua. Nimelisikiliza, linatoa upepo taratibu. Likihimili, litahimili kidogo tu.

Juu kule mmoja wao amepunga mkono. Sijui anatuita au anawaonyesha wenzake.

Burito ameacha kunawa. Amemchukua kuku kwenye majani. Nilidhani anakuja kunipa nimshike. Hapana. Amekwenda kwenye baiskeli, ameiondoa kwenye mti ilipoegemea, amekaa kwenye keria, kuku mapajani, mguu mbovu ameunyoosha usiguse spoku. Hendeli ameishika kwa mkono mmoja isianguke, ananingoja.

Anasema nifunge khanga vizuri, huo mlima mrefu.