Komisioneri Niliyemchagua kwa Usingizi Wake

Jumanne, 2 Septemba

Chai ya mama. Maji ya mama ya kuoga. Halafu cherehani. Sare za shule zimelundikana na wazazi wananigombeza kana kwamba shule zimefunguliwa kwa kuwashtukiza. Umeme hakuna tangu jana.

Yaya Hamisi, kaka yetu mkubwa, amepiga simu tena kutoka Kinshasa. Anauliza kama nimepata komisioneri, yaani dalali, wa kutuuzia nyumba. Nimesema natafuta. Uongo. Sijainua hata mguu.

Arobaini ya papa, baba yetu, iliisha, kikao kikakaa. Kaka zangu wakasema nyumba ni urithi, iuzwe, kila mmoja apate fungu lake. Ni haki yao, sibishani na sheria ya Mungu. Lakini wao wako mbali, mimi ndiye ninayeishi na mama. Macho yake yalizimika zamani. Humu ndani anatembea peke yake: mkono ukutani, mlango, baraza, jiko la uani, choo. Ndizi za lituma anazitwanga mwenyewe, na ukijaribu kumsaidia anakufukuza. Ndani ya nyumba hii mama si kipofu. Nje ya hapa sijui atakuwa nini.

Wamesema tusimwambie kwanza, asije akaugua. Kazi ya kunyamaza nimeachiwa mimi.

Alhamisi, 4 Septemba

Komisioneri wa kwanza amekuja, katumwa na rafiki wa Yaya. Kijana wa pikipiki, simu mbili, viatu vinang'aa. Kapiga picha kila pembe, hata kamba ya nguo. Anasema hapa Kabondo nyumba ya matofali ya kuchoma haikai, ataiuza kabla mwezi haujaisha.

Kisha akasimama mbele ya ukuta wa barabarani akacheka. Papa alikilinda kiwanja chetu kwa kuandika pale kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: PARSELI HII HAIUZWI. Aliandika baada ya sisi kwenda Banalia kwenye msiba, tukarudi na kukuta tapeli anawazungusha wanunuzi uani kwetu. Mji huu ndivyo ulivyo. Ukilala matanga, kiwanja chako kinapata mwenyewe mpya.

Nimemchukia yule kijana papo hapo. Mama aliuliza ni nani. Nikasema mteja, anataka suruali.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepata wazo. Si zuri, ila ni langu.

Kwenye njia panda ya karibu na soko anakaa Papa Limbaya, mtu wa Isangi, komisioneri tangu mimi msichana. Kibao chake kimepauka, kiti chake cha plastiki kimeshikiliwa na kamba. Mtaa mzima unamcheka. Anasinzia tangu asubuhi, pikipiki hana, hamtafuti mtu. Wanasema ukimpa nyumba yeye, watakaoiuza ni wajukuu zako.

Huyo ndiye ninayemtaka.

Nimemwambia Yaya nimepata mzee mwenye uzoefu na mwaminifu. Kafurahi. Kijana wa pikipiki nimemwambia asirudi. Leo nitalala vizuri.

Ijumaa, 12 Septemba

Papa Limbaya kaja kuiona nyumba, kabebwa kwenye toleka, baiskeli ya kukodi, anahema kama yeye ndiye aliyekanyaga. Hakupima kitu. Hakupiga picha. Kakaa barazani na mama, kanywa chai, wamezungumza juu ya samaki wa Isangi mpaka nikachoka kuwasikiliza. Mama kacheka. Sijamsikia akicheka tangu papa afariki.

Nilimsindikiza barabarani. Akaniuliza polepole: "Mutoto yangu, unapenda kuuza kweli?"

Nikasema ndiyo. Akaniangalia, akasema bon, haya, akapanda toleka.

Nimejisikia vibaya siku nzima. Hasira tu, sijui za nani.

Jumamosi, 20 Septemba

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Asubuhi Papa Limbaya kaleta mnunuzi, mama mmoja wa Yanonge, mjane, anauza samaki wa kukaushwa. Mama alikuwa kwa jirani kwenye kisomo, Mungu kamsitiri. Nikaona hapa ndipo pa kumaliza mchezo. Nikamtembeza yule mama na kumwonyesha kila ubaya. Bati linavuja juu ya chumba kikubwa. Mvua ikinyesha uani panakuwa bwawa. Mchwa wamekula fremu ya dirisha. Choo kimekaribia kujaa. Jirani wa kushoto analewa na kuimba. Sikubakiza. Nilifikiri atageuka pale mlangoni.

Akamtazama Papa Limbaya. Mzee hakunikatiza hata mara moja.

Kisha yule mama akasema: "Mwizi hawezi sema nyumba yake inavuja. Hii iko ya kweli. Nachukua."

Kumbe aliwahi kununua parseli Mangobo ambayo ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa wengine. Aliambiwa haina hata ufa. Tangu hapo anamkimbia kila komisioneri mwenye maneno matamu. Papa Limbaya hamkimbilii mtu, kwa hiyo watu waliotapeliwa humwendea yeye. Mtaa mzima tunamcheka na hakuna aliyewahi kufikiri hilo. Mimi wa kwanza.

Nimeiuza nyumba ya mama kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alhamisi, 25 Septemba

Yaya kanipigia, kaniombea dua. Anasema papa angejivunia. Kaka zangu wengine nao wamenishukuru. Nimejifungia chooni nikalia. Yule mama wa Yanonge hana kosa. Natamani angekuwa na kosa. Ningepata wa kumchukia.

Bado sijamwambia mama.

Jumapili, 28 Septemba

Mnunuzi aliomba maandishi ya ukutani yafutwe, watu wasije wakasema amenunua kitu cha wizi. Ombi la haki. Nimepaka chokaa mwenyewe. Sikutaka mkono wa mtu mwingine uguse herufi za papa.

Nilikuwa nimefikia nusu mama akatokea getini, mkono ukutani. Alikuwa amesikia harufu. Vidole vyake vikafika kwenye chokaa mbichi, vikasimama.

"Munafuta maandishi ya papa yenu," akasema.

Nilishika brashi kama mjinga, chokaa inadondoka miguuni.

"Muliuza."

Nikasema ndiyo, mama. Nilingoja alie, anitukane, aulize ni nani aliyeanza. Hakuuliza. Akafuta vidole kwenye kanga, akageuka, akarudi ndani, mkono uleule ukutani. Adhuhuri akatwanga ndizi kama kawaida. Lituma ilikuwa na chumvi nyingi. Nimekula yote.

Jumatano, 8 Oktoba

Tumehamia vyumba vya kupanga, si mbali na tulipokuwa. Si pabaya. Bati halivuji. Mwenye nyumba ana heshima, kanipa kona ya baraza niweke cherehani.

Mama anakaa kitini. Ananyoosha mkono, anagusa ukuta, anaurudisha mapajani. Nimemfundisha njia: mlango, ngazi, kulia. Anaitikia kwa kichwa. Haendi.

Leo alasiri nikamsikia ananiita kwa sauti ndogo. Alitaka chooni. Nikaacha kushona, nikamshika mkono, tukaenda polepole. Katikati ya uwanja akasema:

"Unisamehe, Mwajuma. Nakusumbua."

Mama yangu. Mwanamke aliyekuwa akinifukuza kwenye kinu chake.

Nikamwambia si kitu. Nikamngoja nje ya mlango. Nikamrudisha kitini, nikamwekea kanga mabegani kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, halafu nikarudi kumalizia sare.