Mama Mkwe Alikataa Boti

Kondele, Kisumu

Dadangu Wangari,

Mko salama huko Murang'a? Watoto wanaenda shule? Na goti la Mami, bado linamsumbua asubuhi? Mimi niko mzima, ni mafua tu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu imezama. Ndiyo, cheka! Fundi wa simu, simu yake imekufa maji.

Lakini si ya simu nataka kukuambia. Kitu nimeona juzi, Wangari, mpaka saa hii mwili unasisimka.

Mvua imeharibu sana huku. Upande wa Nyando maji yameingia kwa nyumba za watu. Ochieng, jirani yangu wa kibanda, yule anashona viatu, akanijia mbio. Mama ya bibi yake amebaki peke yake nyumbani, na mguu umefura, hawezi kutembea. Bibi yake Atieno ndiyo amejifungua tu, hangeweza kwenda. Nikafunga kibanda tukatoka.

Kufika huko, kanisa moja linagawa majaketi ya rangi ya machungwa kwa watu wa kusaidia. Yalikuwa machache, nikanyakua moja. Wangari, hiyo jaketi! Kuivaa tu, wazee wa kunizaa wananiuliza, "Ofisa, tupite wapi?" Na mimi sijui hata kuogelea, lakini naonyesha na kidole, "Pitieni hapa! Mzee, wacha hiyo kuku!" Hiyo sauti sijui ilitoka wapi.

Tukaingia boti ya kuvua omena, Mzee Okelo mwenye boti anaisukuma na mti mrefu juu ya mashamba ya watu. Njiani tukachukua mwalimu mmoja mstaafu, amekumbatia redio yake. Tulipofika, ukuta wa udongo ulikuwa umeanza kumeguka. Kwa dirisha tunaona mama amekaa juu ya meza, maji yamefika kwa ubao.

"Ni nani huyo ameketi nyuma?" akauliza.

"Ni mkwe wako, Ochieng," Mzee Okelo akasema.

"Basi nendeni. Mtarudi kunichukua akishashuka."

Nilidhani ni mzaha. Kumbe huku mama na mume wa binti yake hawakaribiani hivyo. Hawali pamoja, hawagusani, sembuse kukaa goti kwa goti kwa boti nyembamba. Nikapiga kelele, "Mama, nyumba inaanguka!"

"Kijana, umeoa?"

"Bado."

"Basi nyamaza."

Nikamgeukia Ochieng. Huyu ni mtu hugombana na askari wa kanjo, hawa wa kaunti wa kufukuza wachuuzi, mpaka wao ndio wanatoroka! Sasa alikuwa ameangalia maji ya upande ule mwingine, kama abiria hajulikani na mtu. Mwalimu akawa anapangusa redio. Kipande cha ukuta kikaanguka, pwaa! Bado kimya. Na mimi pia, Wangari, nikanyamaza! Sababu gani? Wote walikuwa wamenyamaza, basi.

Mwishowe nikaruka nikaingia nimbebe mwenyewe. Unaujua huu mwili wangu. Nilimwinua kidogo tukateleza wote, nikashika meza, hapo ndipo simu ilienda.

"Utaniua kabla ya maji," mama akasema, akarudi juu ya meza yake.

Nikarudi kwa boti nimelowa. Mzee Okelo akaniangalia, akamwangalia Ochieng. "Vua hiyo jaketi. Mpe." Ochieng akaivaa, haifungi hata kifungo. Mzee akaita kwa nguvu, "Mama! Mkwe wako hayuko tena. Hapa kuna ofisa tu."

Tukangoja. Halafu, "Haya. Ofisa aje."

Walai, nilishika boti nisianguke. Sura ni ile ile! Sauti ni ile ile! Ochieng akaingia kifua mbele, akaacha Kijaluo kabisa, akaanza Kiswahili cha chifu: "Samahani mama, mimi ni wa uokoaji. Nishike shingo." Mama akajifunika uso na leso, akamshika. Akatoka naye mgongoni. Hatukuwa tumefika mbali, ukuta wote ukalala.

Kwa boti mama hakumwangalia. Aliongea akitazama maji.

"Ofisa, umeoa?"

"Nimeoa, mama."

"Bibi yako ni mzima?"

"Mzima kabisa. Amejifungua. Msichana."

Hakuwa anajua, Wangari! Akaifunga leso upya.

"Bibi yako akiwa na mama, mwambie huyo mama yuko hai."

"Nitamwambia."

Tulifika shule yenye watu wamejikinga. Ochieng akamweka kwa benchi, akapita nyuma ya darasa, akavua jaketi. Viatu vyake tunaviona kabisa kwenye kona. Mama akaniita. "Wewe ambaye hujaoa. Mkwe wangu Ochieng, unamjua?"

"Namjua, mama."

"Siku nyingi sijamwona. Mwambie nimemsalimia sana."

Na mimi, na akili zangu zote, nikajibu, "Nikimwona nitamwambia."

Jana nikampelekea hizo salamu kwa kibanda. Akaacha kushona. "Yawa! Yuko mzima? Ni nani alimtoa?"

Niliangalia uso wake nione kama atacheka. Hakucheka.

Nikamwambia, "Ofisa mmoja."

Nisalimie Mami sana, na mume wako, na mjomba wa duka la mbolea, na shosho, umwambie nakula vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Muchiri