Kifungo cha Askari

Shoga, umelala? Wifi yangu fundi cherehani leo kafanya makubwa.

Si unakumbuka jana askari alivyompiga yule muuza viatu mlangoni kwa wifi, mpaka akazirai? Watu walijaa, hakuna aliyefungua mdomo. Wateja wake waligeuza viti wakatazama ukutani. Ukutani, shoga!

Sasa leo askari yuleyule kaingia na shati lake la kazi. Kifungo kimeng'oka, pamebaki tundu. Eti kilipotea nyumbani. Nyumbani wapi! Wifi alikiokota jana pale kizingitini, kimo kwenye kopo lake la vifungo, na kipande cha shati bado kinaning'inia.

Wifi akajiuliza: huyu kaja kushonewa au kaja kunipima?

Jamaa anatabasamu. "Mtaa huu mna adabu. Hamuoni kitu. Na kesho kupiga kura hamwendi, au siyo?"

Hamwendi! Kumbe kimya chetu keshakipigia hesabu.

Wifi akakitoa kifungo koponi, akakiweka mezani mbele ya jamaa. Tabasamu likamkauka.

"Shati njoo ulichukue kesho alasiri," wifi akamwambia. "Asubuhi niko kwenye foleni ya kura."

Nakupitia alfajiri. Usiniambie kichwa kinakuuma.