Betri zenye rangi ya kucha

Shoga, acha unachofanya usome. Dada yangu ameumbuka leo mbele ya mteja.

Unazikumbuka zile betri za drili alizohangaika nazo mpaka zikafufuka? Alizisugua kutu, akazichaji kidogo kidogo, zikipata moto anazipumzisha. Akazipaka rangi ya kucha ili asizichanganye na mbovu.

Basi leo yuko juu ya ngazi, mteja kamshikilia kabati la jikoni, anabonyeza drili. Kimya. Anabadilisha betri, kimya. Kuangalia vizuri, hazina rangi. Zote mbovu.

Akampigia mumewe, simu kwenye spika kwa sababu mikono haina nafasi. Mume anajibu bila hata kumung'unya maneno, "Zako nimempa mdogo wangu. Ana kazi kubwa leo."

Kazi kubwa. Kwani dada kule juu ya ngazi alikuwa anacheza?

Halafu akaongeza, "Si wewe ndiye unayejua kuzifufua? Fufua na hizo."

Fufua na hizo. Yaani bado sijaamini.

Mteja kasikia kila neno. Akalishusha kabati taratibu, akamwomba dada namba ya shemeji yake, yule mwenye betri nzima.